Kichwa Wamepiga Picha Kikaonekana Safi, Sasa Shingo ya Nini?

Wapenzi wasomaji hamjambo. Mwezi huu ukurasa wote nimeuacha kwa mishipa ya damu ya shingo, na sababu ni ujumbe wa dada mmoja wa Tanga ulioingia kwenye simu ya ofisi siku ya Alhamisi asubuhi. Haukuwa ujumbe wa kusubiri gazeti litoke, tulimpigia palepale. Ametukubalia tuuchapishe bila jina lake, nami namshukuru sana maana naamini kuna nyumba nyingine mambo ni hayohayo na hawajui.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, mume wangu ana miaka 39, hana presha hana sukari, ni dereva wa lori. Jumamosi iliyopita alienda kunyoa, kinyozi alipomaliza akamkanda mabega alafu akamshika kidevu akamnyonga shingo huku na huku mpaka ikalia, mwenyewe huwa anapenda anasema inamtoa uchovu wa barabarani. Jumatatu akaamka shingo inauma upande wa kushoto na maumivu yanapanda mpaka nyuma ya jicho. Jumanne jioni nikamwangalia nikaona kope la kushoto limeshuka, nikamwambia labda umelalia vibaya. Jana tukaenda hospitali wakapiga CT skani ya kichwa, wakasema ubongo safi hakuna damu, tukapewa dawa za maumivu tukarudi. Sasa binamu yangu ni tabibu anasema turudi tukaombe picha ya shingo, eti mshipa unaweza kuwa umechanika kwa ndani. Dokta, hela imeshatutoka nyingi, CT si ndo kipimo kikubwa? Kama kungekuwa na kitu si kingeonekana? Na kama ni shingo, tuombe CT, MRI au ultrasaundi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tulishaongea kwa simu ila narudia hapa kwa ajili ya wengine, na naanza na binamu yako: yuko sahihi, na kama si yeye sijui tungekuwa tunaandika nini leo.

CT ya kichwa ni kipimo kizuri sana kwa swali ambalo imeulizwa. Swali lenyewe ni hili, je kuna damu imemwagika kichwani, kuna uvimbe, kuna sehemu ya ubongo imeshakufa? Ikajibu hakuna. Lakini ile picha inaanzia chini ya fuvu kwenda juu, shingo haimo kabisa, na ilipigwa bila dawa ya kuchoma mshipani kwa hiyo hata mishipa iliyomo kichwani haionekani vizuri. Kwahiyo "safi" ya jana ilikuwa safi ya ubongo. Mshipa wa shingo hakuna mtu aliyeuangalia, si kwamba umeangaliwa ukakutwa mzima, na watu wengi sana wanachanganya haya mambo mawili, wagonjwa na hata sisi wahudumu.

Sasa kitu chenyewe ni nini. Shingoni kuna mishipa minne mikubwa inayopeleka damu kichwani, miwili mbele ndo ile ukigusa pembeni ya koo unasikia inadunda, na miwili nyuma inapanda imejificha kwenye matundu ya mifupa ya shingo. Ukuta wa mshipa una tabaka tatu. Ikitokea tabaka la ndani limepata mchaniko mdogo, damu inajipenyeza ukutani. Umeshaona plasta ya nyumba maji yakiingia nyuma yake? Inavimba, inatokeza tumbo ndani ya chumba, wakati kwa nje ukuta uko vilevile. Hivyohivyo damu iliyoingia ukutani inauvimbisha kwa ndani, njia ya damu inabanwa, na pale penye jeraha damu inaganda, kipande kikichomoka kinaelea mpaka kwenye ubongo na hapo ndo stroki, yani kiharusi. Hatari ni kubwa zaidi siku na wiki za mwanzoni, hasa wiki 2 za kwanza, ndo maana nilikuwa naongea na wewe kwa haraka vile.

Kwa ujumla si ugonjwa wa kila siku, takwimu za Marekani na Ufaransa zinaonyesha watu kama 3 kwa kila 100,000 kwa mwaka, lakini ukichukua vijana na watu wa makamo wanaopata stroki, hii ni moja ya sababu kubwa kabisa. Mtu hana presha, hana sukari, hana mafuta mengi, kwa hiyo hakuna anayemfikiria, na hapo ndo wanapopotea.

Kuhusu lile kope. Kuna nyuzi za neva zinazopanda zimejizungushia mshipa wa mbele wa shingo mpaka kwenye jicho, kazi yake moja ni kusaidia kope likae juu na mboni ipanuke kwenye giza. Mshipa ukivimba zinabanwa, kope linashuka kidogo na mboni ya upande huo inabaki ndogo. Daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, aliielezea hali hii mwaka 1869 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Nilikwambia zima taa ya chumba umwangalie macho yote mawili, ukarudi kwenye simu ukasema "dokta la kushoto dogo kabisa." Maumivu ya shingo ya upande mmoja, kope la upande huohuo, mboni ndogo, ndani ya siku chache baada ya shingo kunyongwa. Mdogo wangu, hiyo haihitaji kusubiri kesho.

Sasa tuombe ipi. Kwa mumeo nilisema CT ya mishipa, yani CT ileile ya jana lakini wanachoma dawa yenye ayodini mshipani na kupiga kuanzia kifuani pale mshipa mkuu unapopinda mpaka utosini. Picha yenyewe ni sekunde chache. Mgonjwa anasikia joto linapita mwili mzima na wengine wanahisi kama wamejikojolea, asiogope, inapita. Sababu ya kuichagua ni kwamba hospitali yenye CT ina uwezekano mkubwa wa kuifanya leoleo, usiku hata wikendi. Tunachotafuta ni njia ya damu kubanwa ghafla na kuwa nyembamba kama uzi huku ukuta umenenepa upande mmoja, au imeziba kwa ncha iliyochongoka kama mwali wa mshumaa, au kuna kifuko kimetokeza pembeni, au ule utando uliochanika unaonekana unaning'inia katikati ukigawa njia mbili. Huu utando wengine wanaamini lazima uonekane ndo iwe kweli. Si lazima, mara nyingi haupo.

Na mahali pia panasema kitu. Mafuta ya uzeeni yanayoganda ndani ya mishipa yanapenda kukaa pale mshipa wa mbele unapogawanyika, usawa wa taya hivi. Mchaniko wenyewe kwa kawaida unaanza juu ya hapo, sentimita 2 au zaidi, na kupanda kuelekea chini ya fuvu. Njia ya damu kubanwa juu kule kwa mtu wa miaka 39 wakati kwenye mgawanyiko pamebaki laini kama mtoto, mimi siulizi mara mbili.

MRI ina uwezo mmoja ambao nauthamini kuliko vyote, inaona ukuta. Kuna namna ya kupiga inayozima mafuta yote ya shingoni yawe meusi, alafu damu iliyojificha ukutani inang'aa nyeupe imeikumbatia njia ya damu kwa upande, umbo lake ni mwezi mwandamo mtupu, na sisi watu wa picha ndivyo tunavyoiita, hilali. Ukiiona hujaisahau. Ila ina masharti. Siku 2 au 3 za kwanza damu hiyo bado haijabadilika vya kutosha kung'aa, kwa hiyo MRI ya mapema ikisema hakuna, huwezi kulala usingizi kwa jibu hilo peke yake. Na ile ya kuzima mafuta haimo kwenye MRI ya kawaida ya kichwa, lazima iombwe. Ukitaja MRI tu watakupigia ubongo na mtarudi palepale pa jana.

Hapo ndo nafika kwenye kitu ninachotaka mkishike wote mnaosoma hapa: ile karatasi ya kuombea kipimo. Miaka ya nyuma nikiwa bado najifunza kazi hii, hospitali nisiyoitaja, nililetewa MRI ya shingo ya msichana wa miaka 28. Fomu ilikuwa imeandikwa maneno mawili tu, "shingo inauma". Mimi nikaangalia mifupa, nikaangalia diski, nikaangalia uti wa mgongo, vyote vizuri, nikaandika kawaida nikasaini. Baada ya siku 5 karudishwa mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki. Mwalimu wangu akafungua ile picha yangu ya kwanza akaweka kidole pembeni kabisa ya shingo, nje ya mahali nilipokuwa naangalia, mshipa wa kushoto umezungukwa na hilali. Ilikuwepo siku ile. Msichana alipata nafuu, maneno yalirudi kiasi, lakini sijawahi kusoma picha ya shingo tangu hapo bila kupita mishipa yote minne. Na najua fomu ingekuwa imeandikwa "maumivu ya ghafla upande mmoja, siku ya 3, kichwa kinauma kuliko kawaida, tunahofia mshipa umechanika" ningeiona. Kwa hiyo mkienda, semeni kwa daktari na semeni tena kwa mpiga picha: yalianza lini, upande upi, shingo ilifanywa nini, kope, jicho, mlio wa damu sikioni kama upo, na kama mtu ana kipandauso tangu zamani semeni pia maana kina uhusiano.

Kinyozi sasa. Siwezi kuapa kwamba ni yeye. Kuna watu mishipa yao imechanika kwa kukohoa tu, kwa kupiga chafya, kwa kupaka rangi dari mchana kutwa, na wengine hawakumbuki chochote kabisa. Inawezekana pia mchaniko ulishaanza, uchovu aliousikia shingoni ndo ulikuwa maumivu yenyewe, akaenda kukandwa. Lakini mimi shingo yangu hainyongwi na mtu, na kijana wangu nimemkataza.

Walipiga CT ya mishipa usiku wa Alhamisi ileile. Mshipa wa mbele wa kushoto umebanwa kama uzi chini kidogo ya fuvu, ubongo haujaguswa. Ameanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, yuko nyumbani, kope limepanda kidogo ila bado halijakaa sawa.

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Ami yangu wa hapa Mombasa ana miaka 56, ana sukari na figo zake si nzuri, kreatini (kile kipimo cha damu cha figo) iko juu. Wiki moja sasa kisogo chamuuma na kizunguzungu, akitembea apepesuka kama aliyelewa naye hajagusa kileo maisha yake. Wamempiga ultrasaundi ya shingo wakasema mishipa yapita damu vizuri. Daktari mwengine ataka CT ya dawa, sisi twaogopa figo. Ultrasaundi haitoshi?

JIBU: Waalaykum salaam. Haitoshi, na kwa dalili za ami wako ndo haitoshi zaidi. Ultrasaundi haina mionzi, bei nafuu, inafaa sana kufuatilia mshipa ambao tayari tunajua una tatizo. Lakini sauti haipenyi mfupa. Mishipa ya mbele ikishapita nyuma ya taya inapotea, na ile ya nyuma inapita ndani ya matundu ya mifupa ya shingo kwa hiyo tunaona vipande vipande katikati ya mfupa na mfupa. Sehemu inayopenda kuchanika kwenye mishipa ya nyuma ni kule juu inapozunguka mifupa miwili ya mwanzo, chini ya kisogo, ambako ultrasaundi inaona kwa shida. Kisogo kuuma, kizunguzungu, kupepesuka, hiyo yote yaelekea huko nyuma.

Kuhusu figo, hofu yenu ni ya haki na mwambieni daktari kabla, mtaje na dawa za sukari anazomeza hasa metformin. Ila kuna njia. Ile MRI ya kuzima mafuta niliyoieleza hapo juu haihitaji dawa yoyote kuonyesha damu ya ukutani, na kuna MRI ya mishipa inayotumia mwendo wa damu wenyewe, nayo haichomi kitu. Zikipigwa pamoja na ya ubongo ndani ya dakika 30 au 45 mnapata karibu kila mnachotaka, na dalili zina wiki nzima kwa hiyo damu hiyo kama ipo itakuwa imeshang'aa vizuri. Mwambieni tu mapema kama ana betri ya moyo au chuma chochote mwilini.

Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Akipinda mdomo, akiona vitu viwili viwili, akishindwa kumeza, mkono au mguu ukalegea, au kupepesuka kukazidi ghafla, msianze kutafuta mashine ya MRI ilipo wala kusubiri jibu la kreatini. Mpelekeni hospitali kubwa iliyo karibu, mkubali apigwe hiyo CT ya dawa. Figo zitaangaliwa baadaye, ubongo hausubiri.

SWALI: Dokta mimi ni Mbongo nafanya kazi Maskati, miaka 33. Nilipiga MRI, ripoti ya kwanza ikasema mshipa wa nyuma wa kulia umechanika, daktari mwingine akasoma picha zilezile akasema haujachanika nimezaliwa nao mdogo. Nimechanganyikiwa, nimuamini nani?

JIBU: Pole sana kaka, na usione kama mmoja wao hajasoma. Mishipa ya nyuma ndo inayotugombanisha wenyewe kwa wenyewe. Watu wengi sana wamezaliwa na mmoja mkubwa na mwingine mwembamba, ni kawaida. Alafu umezungukwa na mafuta na wavu wa mishipa midogo ya damu ya kurudi, inayopita polepole na inaweza kung'aa ikajifanya hilali. Kulikuwa na utafiti mkubwa Uingereza na Australia unaoitwa CADISS, matokeo yake yalitoka mwaka 2015, waliingizwa wagonjwa 250 ambao hospitali zao zilisema mishipa ya shingo imechanika. Picha zilipokusanywa na kusomwa upya na wataalamu wa utafiti, 52 kati yao mchaniko haukuthibitika. Mmoja kati ya watano, na hao walishaonwa na mabingwa!

Kwa hiyo usihesabu kura. Waombe waangalie vitu ambavyo havidanganyi. Kwanza tundu za mifupa ya shingo, kama ulizaliwa na mshipa mdogo mara nyingi na tundu linalopitisha linakuwa dogo upande huo, hilo linaonekana kwenye CT. Pili, mshipa uliozaliwa mdogo ni mwembamba sawasawa kuanzia chini mpaka juu, uliochanika ni mzima mahali fulani alafu unabadilika, na kwa nje unakuwa umenenepa wakati njia ya ndani imepungua. Tatu na ndo kubwa, rudia picha baada ya miezi 3. Aliyezaliwa nao mdogo atabaki nao vilevile, mchaniko unabadilika, unafunguka au unaziba. Chukua CD ya picha zako zote, ikae kwako, karatasi ya ripoti peke yake haitoshi kwa daktari wa tatu. Na dawa uliyoanzishiwa usiiache kwa sababu ya ripoti ya pili mpaka daktari wako aseme.

SWALI: Habari, mimi nilichanika mshipa mwaka jana, niko Morogoro. Picha ya marudio ya mwezi wa 6 imeonyesha njia imefunguka vizuri ila kuna kifuko kidogo kimebaki. Naogopa kitapasuka. Na je saluni naruhusiwa kuosha nywele nimelaza shingo kwenye beseni?

JIBU: Njia kufunguka ndani ya miezi 3 mpaka 6 ndo tunachotegemea kwa wengi, hongera. Vifuko hivyo vya shingoni mara nyingi vinakaa kimya, vingine vinasinyaa, kupasuka ni nadra sana, si kama vile vya ndani ya fuvu ambavyo watu wanavisikia. Daktari wako atapanga kama kuna haja ya kupiga tena, na kama ni mdogo kwa umri uliza kama MRI inawezekana badala ya CT kila mara, kwa ajili ya mionzi. Kuhusu beseni, mwaka 1993 daktari wa Marekani aliandika kwenye jarida la madaktari juu ya wanawake 5 waliopata dalili za stroki baada ya kuoshwa nywele saluni shingo ikiwa imekunjwa nyuma. Ni wachache, ila wewe una historia. Mwambie dada wa saluni uinamie mbele, au aweke taulo nene lililokunjwa chini ya shingo ili kichwa kisining'inie.